Mgonjwa wa kifafa aliyekataa maji: kisa cha Nicholas Jennings, London, 1566

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1566, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mvua ilikuwa ikiimwagikia London. Katika ua mmoja mdogo wa Whitefriars, kati ya Fleet Street na mto Thames, mwanamume alisimama akilia na kuomba msaada. Kiwiliwili kilikuwa wazi, isipokuwa kizibao kikuukuu cha ngozi chenye viraka kilichoning'inia bila kufungwa. Kichwani alijiviringishia kitambaa kichafu kilichokatwa nafasi ya kutokezea uso, kikazibana ndevu na kufungwa kwa uzi shingoni. Mkononi alishika kofia ya kupokelea sadaka. Kuanzia chini ya macho, uso wote ulilowa damu mbichi, na nguo zilitapakaa tope kama za mtu aliyegaagaa mtaroni usiku kucha. Alisema ana kifafa.

Katika nyumba mojawapo ya ua huo alikuwa amepanga Thomas Harman, bwana mwenye ardhi kutoka Crayford, huko Kent. Kilichomleta mjini ni kitabu chake, kilichokuwa kikichapwa na bado hakijafika nusu. Kitabu chenyewe kilihusu ombaomba wazururaji: aina zao, mbinu zao, na lugha ya mafumbo waliyosema wao kwa wao. Harman alikuwa na desturi ya kuwahoji waliopita langoni kwake, akiwabembeleza huyu na kumtisha yule hadi waseme. Miongoni mwa aina alizoziorodhesha walikuwamo hasa wale wanaojifanya kuanguka kifafa. Kwa hiyo kati ya nyua zote za London, tapeli wetu aliingia ule wenye mpangaji aliyekwisha kuandika sura nzima juu ya watu wa kazi yake.

Ukimwondoa Harman, hata hivyo, mahali palichaguliwa kwa akili sana. Whitefriars ilikuwa nyumba ya watawa Wakarmeli hadi ilipofungwa 1538, wakati Mfalme Henry VIII alipokuwa akizivunja nyumba za watawa nchini. Watawa waliondoka lakini eneo likabaki na upendeleo wake wa zamani: lilikuwa nje ya mamlaka ya jiji, na maafisa wa jiji hawakuwa na nguvu humo. Katika ua ule walikaa pia mabibi wakubwa wawili watatu, watu wa kutoa sadaka nono. Ongeza kwamba ilikuwa sikukuu, siku ambayo mtu akitoka ibadani hawezi kumpita mgonjwa hivi hivi. Fedha zipo, huruma ipo, askari hayupo.

Harman alitoka nje akiwa hajamaliza kuvaa. Anakiri kwamba sura ile ilimtatiza. Kwa dakika chache hakujua aamini nini. Akaanza kuuliza. Kwa nini nguo na ngozi yako vimejaa tope hivi? Yule mtu akajibu kwa unyenyekevu, bwana wangu, nilianguka katika kichochoro kile kando ya mto, nikalala pale karibu usiku mzima, damu ikanitoka karibu yote mwilini.

Wakati wanazungumza, mama mmoja maskini aliyeishi jirani alikuja na kitambaa safi cha kitani. Akampa ajipanguse uso. Palikuwa na pipa limejaa maji ya mvua, na mama akajitolea kumchotea kwa bakuli ili aoge damu na tope. Yule mtu akakataa. Harman akamuuliza sababu. Akasema kwamba akinawa, damu itaanza kutoka upya na haitazuilika.

Hapa ndipo kisa kilipogeukia, na Harman mwenyewe anasema jibu hilo lilizidisha shaka yake. Lakini ningependa tumtazame zaidi yule mama, kwa sababu masimulizi yanampita haraka. Watu wote waliompa Jennings kitu siku ile walimpa sarafu, na sarafu hutupwa kofiani kwa mkono ulionyooka, huku uso umegeuzwa pembeni. Uchafu wake ulitengenezwa kwa ajili ya utoaji wa namna hiyo. Damu na tope vilifanya kazi mbili kwa pamoja: vilithibitisha ugonjwa, na vilimzuia mtu kusogea karibu vya kutosha kuukagua. Yule mama hakuwa na sarafu ya kutoa, au kama alikuwa nayo aliona si hiyo inayohitajika. Alileta maji. Mbinu ya Jennings haikuwa na jibu la maana kwa mtu anayetaka kumwosha, na ndiyo maana alitoa jibu la kipuuzi. Mwenye jeraha la kweli angeshukuru, au angalau angelalamika maumivu. Harman alikuwa na sura nzima ya kitabu kichwani na bado alikuwa akisitasita. Shaka yake ilipata pa kushika pale kitambaa cha kitani kilipotokea.

Akaendelea kuhoji. Wewe ni nani, umetoka wapi, ugonjwa huu umekuanza lini? Jina langu Nicholas Jennings, mzaliwa wa Leicester. Kifafa ninacho miaka 8, ni cha ukoo, baba yangu alikuwa nacho. Niko hapa London miaka 2, na mwaka mmoja na nusu kati ya hiyo nilikuwa Bedlam, nimerukwa na akili. Msimamizi wa pale ni nani? John Smith. Basi yeye anakujua? Yeye na nyumba nzima, bwana, kwani nilikuwa pale wiki mbili zilizopita.

Uongo wa Leicester ulikuwa mzuri. Ni mji wa mbali. Hakuna atakayepanda farasi siku kadhaa kwenda kuuliza kama baba wa ombaomba alikuwa na kifafa. Uongo wa Bedlam ulikuwa wa hatari. Hospitali ya Bethlem, ambayo watu waliifupisha jina kuwa Bedlam, ilikuwa nje kidogo ya lango la Bishopsgate, mwendo wa miguu kutoka Whitefriars. Tena ilikuwa ndogo, wagonjwa wake wa kuhesabika, kiasi kwamba msimamizi hawezi kumsahau mtu aliyekaa naye mwaka na nusu. Nadhani Jennings aliitaja kwa mazoea: kwa wasikilizaji wa kawaida jina Bedlam lilitosha kunyamazisha maswali, kwani nani anataka kuendelea kumchokonoa mtu aliyewahi kuwa kichaa? Harman alimtuma mtu. Jibu likarudi kwamba mtu kama huyo hakuwahi kukaa pale.

Hapo angeweza kumfukuza na kurudi kitandani. Badala yake alimwita mchapaji wake, William Griffith, mwenye duka Fleet Street kwenye alama ya mwewe, jirani na kanisa la St Dunstan. Griffith akawapa wanagenzi wake wawili kazi ya kumfuatilia yule mtu popote aendapo.

Vijana wale walifanya kazi ya upelelezi kwa siku nzima, na ripoti yao ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu hapa hatutegemei tena shaka za Harman. Walimwona Jennings akiombaomba maeneo ya Temple, kwa wanasheria, na mara nyingine huko kando ya mto. Wakamwona akichepuka kwenda mashambani nyuma ya Clement's Inn. Huko alitoa kibofu chenye damu alichokificha mwilini, akajipaka upya usoni, akachota tope na kujisiriba kizibaoni, kofiani na kwenye suruali. Kisha akarudi kazini. Waliona watu wakimpa peni 4, wengine 6, wengine zaidi ya hapo. Mvua ya siku ile, ukifikiri, ilikuwa adui yake mkubwa: damu ya kupaka haistahimili maji, kwa hiyo ilimbidi airudie.

Giza lilipoanza kuingia alivuka mto kwa mashua ndogo, akashika njia ya St George's Fields kuelekea Newington, kusini mwa Thames. Vijana hawakumwacha, na habari zikamfikia bwana wao. Huko Newington Griffith alimpata konstebo, na Jennings akakamatwa na kupelekwa nyumbani kwa konstebo huyo.

Walipompekua walikuta shilingi 13, peni 3 na nusu. Shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo jumla ni karibu peni 160. Kibarua wa ujenzi London katika miaka hiyo alilipwa peni 8 au 9 hivi kwa siku, siku ambazo kazi ipo. Ikiwa fedha zile zote zilipatikana siku moja, na hilo tuliache wazi kwa kuwa ni mfuko wake tu uliopekuliwa, basi Jennings alikusanya kati ya asubuhi na machweo kile ambacho kibarua angekipata kwa kubeba matofali zaidi ya wiki mbili na nusu. Huhitaji nadharia ndefu juu ya tabia ya mwanadamu kuelewa kwa nini hakubeba matofali.

Wakamvua nguo zote na kumwosha. Chini ya uchafu akatokea mwanamume mzuri wa umbo, ngozi nyeupe isiyo na doa, ndevu za rangi ya dhahabu. Waliokuwapo walisema hawajapata kuona mtu mzuri kama yule. Mke wa mwenye nyumba akaleta joho kuukuu la mumewe, mgeni ajisitiri, wasichana wa nyumbani wasije wakaona haya. Jennings akaomba kinywaji akagida bia bila kusita, akijitetea kwamba hajatia kitu tumboni. Baadaye akaomba kutoka nyuma ya nyumba kujisaidia. Wakamfungulia mlango, kwani nani atakimbia uchi usiku wa Novemba? Alipofika nje alilitupa joho na kukata mbuga kama alivyozaliwa, hadi nyumbani kwake.

Kwake palikuwa hapo hapo Newington. Hilo lilijulikana baadaye tu. Fedha zake ziligawiwa maskini wa parokia.

Siku ya Mwaka Mpya 1567, miezi miwili baada ya hapo, Jennings alirudi Whitefriars. Ndiyo, Whitefriars ile ile. Safari hii alivaa koti jeusi la sufu nzito, soksi ndefu mpya nyeupe, kofia nzuri, na shati la kazi ya Flanders lililokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 16, yaani zaidi ya fedha zote alizonyang'anywa Novemba. Alijiita fundi kofia kutoka Leicester aliyekuja mjini kutafuta kazi, akakosa, na sasa hana hata pesa ya kulipia malazi ya usiku. Msomaji aliyewahi kusubiri gari kwenye stendi yoyote kubwa ya mabasi kwetu ameshakutana na ndugu yake: kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi, ameibiwa begi, anahitaji nauli tu ya kurudi kwao. Mbinu hii ya pili ni kinyume kabisa cha ile ya kwanza. Kule aliomba kwa sababu hafanani na wewe hata kidogo. Hapa anaomba kwa sababu mnafanana, na kesho huenda ikawa wewe. Mtu anayeweza kuzicheza zote mbili anajua kitu kuhusu watoaji ambacho watoaji wenyewe hawajakifikiria.

Bahati yake iliishia hapo. Aliyekutana naye alikuwa Griffith, na mchapaji akaikumbuka sura. Jennings akatimua mbio, akafukuzwa mitaani, akakamatwa. Mwanzo alikana kila kitu, na likajitokeza jina la pili, Nicholas Blunt. Mwishowe akakiri, na wakaenda kuikagua nyumba yake: nyumba nzuri iliyojaa vitu, meza iliyoungwa na fundi, kabati lililopambwa kwa vyombo vya pyuta, na mke mzee.

Hukumu ilikuwa tamasha. Alisimamishwa Cheapside, soko kuu la jiji, shingo na mikono vimebanwa kwenye mbao, akionyeshwa kwa sura zake zote mbili, ya matambara na ya umaridadi. Akatiwa Bridewell, kasri la kifalme ambalo Mfalme Edward VI alilitoa 1553 liwe mahali pa kuwatia kazini wazururaji, na akawekwa kufanya kazi kwenye kinu wakati picha yake ya uchafu ikichorwa. Kisha akachapwa mijeledi nyuma ya mkokoteni kupita London, picha ile imebebwa mbele yake kama bendera, hadi mlangoni kwake, na kurudishwa Bridewell. Baada ya muda aliachiwa kwa sharti kwamba ataishi kwa jasho lake. Picha ilibaki Bridewell.

Sasa tuulizane tunamwamini nani. Kisa chote kinatoka kwa Harman, na Harman alikuwa na kitabu cha kuuza. Mpelelezi mkuu alikuwa mchapaji wa kitabu hicho hicho. Picha ya mchoro inayomwonyesha Jennings katika hali zake mbili, bwana nadhifu upande mmoja na mgonjwa mchafu upande wa pili, iliingia kitabuni na bila shaka ilisaidia mauzo. Mtu akisema hawa wawili walipata faida kwa umaskini wa wengine, sitambishia. Lakini Jennings hakubuniwa. Jina lake limo pia katika kumbukumbu za jiji. Na simulizi ina mambo ambayo mtu anayetaka kujisifu angeyafuta, kama vile kushindwa kumlinda mfungwa aliye uchi. Mimi nayaamini matukio. Tafsiri yake ndiyo inayonipa taabu.

Chukua lile tukio la kumvua nguo. Harman analieleza kama kilele: uchafu ukaoshwa, ukweli ukaonekana, mwili mzima bila dosari. Lakini kifafa hakiandikwi kwenye ngozi. Mtu mwenye kifafa cha kweli, katika saa ambazo hajaanguka, ni mzima wa kutazama kama wewe na mimi. Ungemvua nguo mgonjwa halisi Newington usiku ule, ungeweza kukuta ngozi ile ile safi, nao wangeshangaa vile vile na kumwita mwongo. Kilichomtia hatiani Jennings ni kibofu cha damu na jibu la Bedlam. Uzuri wa umbo lake haukuthibitisha lolote.

Na hapo ndipo naona chanzo cha mbinu yake. Sheria ya 1531 iliwagawa maskini mafungu mawili. Wasiojiweza walipewa na mahakimu kibali cha kuomba mahali maalumu. Mwenye nguvu zake aliyekutwa akizurura alichapwa. Sheria ya 1547 ilizidisha hadi kumfanya mzururaji mtumwa kwa miaka 2, na kumchoma alama ya herufi V kifuani. Haikudumu hata miaka mitatu. Katika mpango kama huo kila kitu kinategemea kuonekana hujiwezi. Kipofu anaonekana. Asiye na mguu anaonekana. Mwenye kifafa haonekani, ila kwa dakika chache anapoanguka, na hakuna ahadi kwamba ataanguka mbele ya hakimu. Jennings alijaza pengo hilo kwa damu na tope. Aliupa ugonjwa ushahidi ambao ugonjwa wenyewe hauna. Sitashangaa ikiwa wagonjwa wa kweli nao walijipaka, ingawa hao hawakupata mwandishi.

Nyumba za watawa, zilizowahi kutoa chakula langoni na kitanda kwa wagonjwa, zilikuwa zimefungwa kati ya 1536 na 1540. Bei zilipanda, watu waliongezeka, mashamba ya wazi yalizungushiwa ua, London ikafurika. Ukitaka kujua hofu ya matapeli ilimfikisha wapi mtu mwenye heshima zake, kitabu cha Harman kinayo habari nyingine karibu na Dartford, ya ombaomba aliyejifanya bubu. Harman na daktari wa upasuaji walimfunga mikono na kumning'iniza kwenye boriti hadi akalia kwa jina la Mungu ashushwe. Aliweza kusema, kwa hiyo alikuwa mwongo. Harman anaisimulia kwa furaha. Haulizi ni mabubu wangapi wa kweli wangepaswa kuning'inizwa kabla ya kumpata huyo mmoja.

Miaka mitano baada ya Jennings kuzungushwa na mkokoteni, Bunge lilipitisha sheria ya 1572. Mzururaji aliyezidi miaka 14 na kupatikana na hatia alitakiwa achapwe na kutobolewa sikio la kulia kwa chuma cha moto, isipokuwa apatikane mtu wa heshima wa kumchukua kazini. Sheria hiyo hiyo iliweka kodi katika parokia kwa ajili ya maskini wasiojiweza. Kuwatenganisha hao wawili, na kuamua nani apate mkate na nani atobolewe sikio, bado kuliachwa kwa mahakimu na macho yao.